Mahudhurio ya Zeyana

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Shule imefunguliwa! Mwanafunzi mmoja, Zeyana. Mwalimu mimi. Jengo ni chumba cha mama yangu hapa Mkunazini, ghorofani, mkeka chini ya dirisha. Ratiba nimeibandika ukutani: saa mbili uji, kisha mahudhurio, herufi, kuhesabu komwe za bao, rangi.

Mama kaniuliza kwa nini nisimpeleke chekechea kama wenzake. Ataenda Januari, nimemwambia. Hii miezi minne naitaka mimi. Miaka miwili na nusu nimelea watoto wa watu Maskati. Nilimwacha binti yangu ana mwaka na nusu, nimemkuta ana minne na anajifunga vifungo mwenyewe. Vifungo vile vimeniumiza — ujinga, lakini vimeniumiza.

Wiki ya tatu hii nimerudi, hajaniita Mama. Basi leo nikamwambia, mimi ndiye mwalimu wako. Akacheka. "Mwalimu!" Nikafurahi kama nimepewa zawadi.

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi kaniamkia: Shikamoo, Mwalimu. Adabu tupu, kama anamwamkia jirani. Marahaba, nikasema.

Mahudhurio ndiyo anayoyapenda kuliko yote, na anataka kuita yeye. Tunatumia daftari hili hili, mbele tiki zake, nyuma maneno yangu. Kamwita Kidawa, mwanasesere wake, akamjibia mwenyewe kwa sauti nyembamba. "Naam!" Kamwita Bibi, Mama akajibu naam kutoka jikoni huku anakuna nazi. Tiki moja inakula nusu ya ukurasa.

Kisha akaita, "Mama!"

Nikajibu naam. Haraka mno, naona aibu hata kuandika.

Akanitazama. "Si wewe, Mwalimu. Mama yumo ndani ya simu."

Akaenda kuichukua simu ya Bibi, ile ndogo ya tochi, akaiweka mkekani kwa heshima zote, akaita tena. Simu kimya. "Hajaja leo," akasema, akaandika alama ya kosa.

Ijumaa, 6 Septemba

Hakuna shule. Nimefua, nimepiga pasi, nimegombana na Mama.

Kaniambia, "Mpe muda, Rahila. Kwake yeye ulikuwa sauti tu." Nikamjibu vibaya. Halafu nikaenda kumwomba radhi. Kwani nani aliyejitia humo simuni? Mimi! Kila jioni, jikoni kwa watu, masufuria yanachemka, nanong'ona: umekula nini leo, umeoga, umemsumbua Bibi? Sasa namwonea wivu yule mwanamke, na ni mimi mwenyewe.

Jumatatu, 9 Septemba

Kahesabu mpaka kumi na mbili bila kuruka saba! Nilimbeba nikamzungusha. Alikubali kubebwa, kidogo, akaomba kushushwa.

Herufi ya leo ilikuwa M. Kwa ujanja wangu nikaandika "mama" ubaoni. Akafuata kwa kidole. Ma. Ma. Akauliza mbona Mama hapigi tena. Siku nyingi sasa. Kakasirika?

Chaki ikanivunjikia mkononi. Nilitoka nje nikasingizia vumbi machoni.

Sikulifikiria hili. Tangu nishuke uwanja wa ndege, mama yake kamnyamazia. Mtoto anamngojea mtu kila siku, na mimi nimekaa mbele yake namfundisha komwe.

Alhamisi, 12 Septemba

Naandika ngazini, nje ya mlango wetu, kwa kalamu ya rangi. Kijani. Ndiyo niliyoikuta mkononi.

Baada ya uji nilimwambia Mama akae karibu na simu yake. Nikatoka na daftari, nikauvuta mlango bila kuufunga, nikapiga.

"MAMA!" Nimemsikia mara mbili, sikioni na mlangoni. Ukelele ule mimi hajanipigia hata siku moja.

Kanieleza yote. Hapa kuna Mwalimu. Anajua kukata samaki wa karatasi. Analala upande wa ukutani, anakoroma. Juzi alilia kwa sababu chaki yake ilivunjika. Nikamuuliza, unampenda? Akafikiri. "Nnampenda. Lakini mahudhurio hayajui. Anajibu isiyokuwa zamu yake."

Nimeuma mtandio nisisikike. Kicheko au kilio, sijui.

Akauliza unakuja lini. Nikasema, niite kwanza kwenye mahudhurio. Kaniambia nisubiri, anawapanga wanafunzi. Ndipo nimepata kuandika haya, simu ipo sikioni, nausikia mkeka ukikokotwa.

Anaanza.

Kidawa — naam. Bibi — naam, na sauti ya mama yangu haiko sawa.

"Mwalimu!" Kimya. "Mwalimu! … Bibi, Mwalimu katoka. Kachukua na daftari."



Nimesimama. Daftari nimeliegemeza ukutani, simu nimeibana kwa bega, mkono wa kushoto uko mlangoni, tayari kuusukuma. Akiniambia si wewe, nitasema nini? Sikupanga. Nilipanga mpaka hapa tu.

Sasa anaita, "Mama!"