Rangi nyekundu chini ya pompe

Mama Kavira wangu, kama uko unasoma hii, bwana yako ni muzima na kamyo inatembea.

Ilizimikia Butembo, na kabichi zote za Kirumba juu. Bakaivuta mpaka garaji ya wale wenye kuuza kamyo mupya, yenye vioo kila pahali. Mukubwa wao akanipa kahawa. Hapo nikaanza kuogopa: mutu wa kamyo hapewi kahawa bure.

"Papa, tumefungua, pompe ya mazutu, ile inasukuma mafuta kwa moteri, imekufa. Iko ingine mupya ya Kampala. Dola elfu moja tu."

"Sawa, lakini ile ya zamani munirudishie."

"Hapana, papa. Ya zamani inabakia kwetu. Ni procédure."

Kabichi zilikuwa zinaanza kunuka, donc nikakubali. Nikaomba tu nione kwanza hiyo mupya. Ikaletwa ndani ya karton, imepakwa mafuta, inang'aa kama mutoto siku ya ubatizo. Nikaigeuza. Chini yake, rangi yako ya makucha, ile unapakaka vyombo vya kamyo mbele ya safari, na mimi nakuchekaka.

"Chef, bamama ba Kampala nabo banapakaka pompe rangi?"

Akakohoa. Bakarudisha pompe yetu, bakabadilisha tu filtre ya mazutu yenye ilikuwa imeziba, na kamyo ikanguruma.

Kabichi zimefika Beni, zimechoka, lakini zinauzika. Mvua inanyesha, na sombe ya hapa, majani ya muhogo, haifikie yako. Ukumbatie batoto. Nunua chupa ingine ya rangi: boîte ya vitesse, ile ya gia, bado haina alama.

Bwana yako, Kambale