Wageni Wako na Tope la Ndiva

Myamba, Same.
14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Irine, mke wangu uliyenikimbia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. U mzima huko Leeds? Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto bado linagombana na la kulia, na bibi yako Dorkas anasema dawa yake ni mimi kufunga mdomo.

Nyumba yetu ya wageni imejaa Waingereza tangu Juni, wengine nawarudisha mlangoni. Haya, nimedanganya. Walikuja wawili tu, wale uliowaleta wewe, wakalala siku nne.

Uliniandikia kuwa siku hizi Waingereza wamechoka kukaangwa na jua la Uhispania, likizo wanatafuta baridi, tena wanataka kuishi kama wenyeji. Nilicheka mpaka nikakohoa. Watu waliozaliwa kwenye mvua wanapanda ndege kufuata ukungu wa Upare. Nikasema waje, ukungu tunao, hatuupimi kwa kilo.

Sasa yale malalamiko yaliyofika kwenye ofisi yenu ya utalii. Ni kweli tupu. Siku ya tatu pembe ya msaragambo ililia alfajiri, na unajua ikilia kila nyumba inatoa watu wa kazi ya kijiji. Ndiva yetu ilijaa tope, bwawa zima halishiki maji ya kumwagilia, tangawizi inakauka shambani. Nikawagongea mlango, nikawapa majembe. Yule mama alizama hadi magotini akiimba na kina Blandina, maneno hayajui. Mumewe alitoa ndoo tatu, akaketi, akasema amelipia kupumzika. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, ulilipia kuishi kama sisi. Ndiyo hivi."

Kufika kwao, akaandika.

Leo bosi wako ananiletea karatasi niweke sahihi kwamba mgeni hataitwa tena kazini, la sivyo nyumba yangu inafutwa kwenye orodha yao. Siweki. Kwa kamati ya maji, aliyelala kwangu ni mtu wangu. Nikimficha chumbani pembe inalia, wananinyima zamu ya maji, na watakuwa na haki. Basi wanifute. Makande nilikuwa nakula kabla ya orodha yao, na meno mawili yaliyobaki yanatosha kuendelea.

Najua unaogopa, maana wewe ndiye uliyenidhamini.

Msalimie mumeo Fredrick, na Agape umbusu. Bibi yako anakuombea kila siku. Mimi pia, ila kwa kifupi. Mungu akufunike vizuri kuliko hayo mablanketi ya huko.

Halafu una fadhila yangu moja hujairudisha. Ulipokataa posa ya Anderson, mimi ndiye niliyekwenda kumwambia baba yake, na sikulegeza hata neno, ingawa alikuwa ameshika fimbo. Sasa nenda kwa bosi wako, umsomee barua hii kwa Kiingereza chao. Usiitie sukari.

Ni mimi babu yako, nisiyekuchoka,
Aminieli