Kamba Aliyoiachia Daudi

Jumapili, Julai

Na mimi ndiye niliyemtetea! Tulipofika ufukweni watu walimcheka Daudi, mdogo wangu, nikawaambia kwa upepo ule kamba ya tanga ingemponyoka mtu yeyote.

Kipupwe cha leo kilikuwa kikali. Upepo wa Ziwa Rukwa ulikuja kwa mapigo, mtumbwi ukawa unalalia ubavu, mimi nikiwa kwenye usukani, yeye kwenye kamba. Tuliongoza mashindano. Karibu na boya la mwisho tanga likalegea ghafla, Yohana, aliyekuwa akitufuata, akatupita na mtumbwi wake. Zawadi ilikuwa tanga jipya, na letu limejaa viraka.

Jioni nikaviona viganja vya Daudi. Havikuwa na mchubuko hata mmoja.

“Uliiachia?”

“Dada, nisamehe. Yohana alisema nikimshinda, nisahau kumuoa dada yake.”

Angeniambia asubuhi. Ningekasirika, lakini angalau...

Mama alitupakulia ugali sahani moja, kama kawaida. Daudi akala. Mimi sikula, nikasema nasikia baridi, mama akamtuma Daudi aniletee blanketi. Akanifunika mabega taratibu, nami mbele ya mama sikuweza hata kumwambia asiniguse.