Magamba Meusi na Chupa Ishirini na Nne

Maabara ya Udongo,
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa kupandikiza miche limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenitania, nami ningecheka, na jambo lenyewe lingepita bila kusemwa.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Umenieleza kwamba kikundi chenu kimekubaliana kumwaga magamba ya chuma ya mhunzi kwenye majaruba ya mpunga kabla ya msimu ujao, kwa kuwa dada yako msomi amethibitisha kwamba chuma hupunguza gesi inayotoka kwenye tope. Kaka, nakuomba uwazuie leo hii. Wasimwage hata konzi moja. Maelezo yake ni marefu kidogo, lakini nivumilie kama ulivyonivumilia nilipokuchotesha tope ndoo baada ya ndoo, nawe ukawaambia majirani kwamba nimesomeshwa miaka yote ile ili nije kunusa matope.

Jaruba likifurika maji, hewa huisha udongoni. Humo huishi vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi ile inayopanda kama mapovu unapokanyaga tope, na ambayo ikifika angani huzidisha joto la dunia. Vijidudu hivyo huishi kwa masalia ya mizizi na mabua yanayooza. Kutu nyekundu, ile laini, ikiwepo, hustawi vijidudu vingine vinavyoitumia kutu hiyo kama sisi tunavyotumia hewa. Hivi vya kutu huwahi chakula, na vile vya methani hubaki na njaa. Hilo nililipima kwa misimu miwili, na silikani.

Mwaka jana kutu ya maabara iliniishia. Ukaniletea kopo la magamba meusi, yale yanayobanduka kwenye chuma cha moto kinapopigwa nyundo. Nikajiambia kwamba chuma ni chuma. Mtu wa fani yangu hana ruhusa ya kusema hivyo, lakini nilisema, kisha nikamkabidhi kazi shemeji, kaka yake wifi, aliyekuwa fundi wa chumba chetu cha kupimia gesi kwa miaka kumi na miwili. Chupa zilikuwa ishirini na nne: kumi na mbili zilikuwa na udongo wako na magamba, na kumi na mbili zilikuwa na udongo mtupu. Unamjua alivyo. Hapa tulimwita Mzee Lebo, maana hata kikombe chake cha chai kilikuwa na lebo, tarehe na saini, na alikuwa akitutania kwamba atakayekaa kitini zaidi ya dakika mbili atabandikwa lebo na yeye.

Chupa zenye magamba zilitoa methani karibu mara mbili ya zile zisizo na kitu. Zote kumi na mbili. Nilipotazama tarakimu sikujiuliza swali. Nilitoa hukumu papo hapo kwamba shemeji alichanganya lebo. Nilimwita. Alikana kwa upole, akaniomba tuzifungue chupa tutazame udongo wenyewe, kwani magamba yangeonekana kwa macho tu. Nilimjibu kwamba ripoti inasubiriwa kesho yake na sina muda wa kuchimbua tope kwa ajili ya kumwondolea mtu aibu. Nikaagiza chupa zioshwe. Katika jedwali nikazihamisha tarakimu, za huku zikaenda kule, na nikamwandikia Mkuu wa maabara kwamba macho ya fundi hayategemeki tena. Yaliyofuata unayajua, kwa sababu kaka wa mkeo alirudi kuishi kwenu na sanduku lake.

Wiki tisa zilizopita nilimaliza kulirudia jaribio hilo kwa ajili ya ripoti mpya. Safari hii lebo nilizibandika mwenyewe. Matokeo yakawa yale yale, methani mara mbili. Nikamimina tope kwenye sinia, nikapitisha sumaku juu yake, na magamba yakairukia. Yale magamba, Kaka, si kutu ile laini. Punje zake hupitisha umeme. Vijidudu vinavyovunja mabua hupeleka elektroni kwa vile vya methani kupitia punje hizo, mithili ya majirani waliounganishiwa waya mmoja, na vya methani hunawiri. Kutu nyekundu huvinyima chakula, magamba meusi huvipelekea. Nilijua vyote viwili ni chuma, na nikaishia hapo.

Kosa la kitaalamu lingeweza kusahihishwa kwa ukurasa mmoja. Ninaloliungama ni lingine. Katika wiki ya nne baada ya hapo nilikuja kwenu. Wifi alikuwa akichagua mbegu, na kaka yake alipoinama kumsaidia, wifi akamwambia aziache, asije akatuchanganyia na mpunga kama alivyochanganya chupa za watu. Mlicheka wote. Na mimi nilicheka. Wakati wa kuondoka shemeji alinisindikiza hadi langoni, akaniambia amefikiri sana, huenda kweli mikono yake iliteleza siku ile, na ananiomba radhi kwa kuniharibia kazi. Nilikuwa nimejua ukweli kwa wiki nne. Nikamwambia yameisha. Nilimsamehe, Kaka. Nilimsamehe kosa langu.

Asubuhi ya leo nimemkabidhi Mkuu maelezo yote kwa maandishi, pamoja na tarakimu kama zilivyotoka kwenye chupa. Ataamua atakavyo. Kwako sina ombi ila hili: usinitetee kwa wifi, wala usiyalainishe maneno haya. Ukifika hapa, mpe shemeji barua aimalizie mwenyewe, kwa kuwa yaliyobaki ni yake.

Shemeji, shikamoo. Hukuchanganya kitu. Lebo zote ishirini na nne zilikuwa mahali pake, na mikono yako haikuteleza. Ulinitaka tufungue chupa, na kama ningekusikiliza tungeuona ukweli mchana ule ule. Ile radhi uliyoniomba langoni haikuwa deni lako. Sasa naiomba mimi, nawe huna haraka ya kunijibu, wala hulazimiki. Jumamosi nitakuja kuyasema haya mbele ya wifi na watoto, kwa sauti, ukiwa umekaa. Ukipenda kutokuwepo, nitayasema hivyo hivyo.

Nisalimieni wote nyumbani, kila mmoja kwa nafasi yake.

Ni mimi,
mdogo wenu, wa maabara ya udongo