Kalunguyeye wa Chebet

Handsworth, Birmingham
14 Juni

Dada Chepkoech,

Unisamehe, miezi mitatu sijakuandikia. Kazi ya kutunza wazee inanimaliza, na nikifika nyumbani mwanangu Chebet naye ananisubiri.

Sukuma wiki nilizopanda nyuma ya nyumba ziliota vizuri, ila konokono walizivamia. Nikakuta stoo boksi kuukuu la sumu yao, nikainyunyiza. Sikufikiria kwamba kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba ambaye Chebet humwekea maji, chakula chake ni hao hao konokono.

Jumanne tulimkuta akiyumbayumba juani. Jirani yetu Mama Gurmeet, mzaliwa wa Kisumu, akaliona boksi. "Wewe! Sumu hii ilipigwa marufuku! Unataka kutumaliza?" Akatupeleka kwa watu wanaotibu wanyama wa porini. Walisema kalunguyeye wamepungua mno nchini, na huyu hawajui kama atapona.

Nilimwambia Chebet ukweli, kwamba ni mimi. Akaniuliza, "Na kwa chakula changu uliweka?"

Tangu siku hiyo hagusi ninachopika. Ni biskuti na maziwa tu, siku ya nne sasa, na naogopa, dada. Simchapi wala simbembelezi. Namwekea sahani yake, naionja mbele yake, kisha naiondoa.

Anasema chakula chako atakula. Basi nitumie unga wa wimbi kilo mbili, njugu za kukaanga, na karatasi yenye mwandiko wako, maana ameanza kusoma. Andika kwamba uliusaga wewe, na mimi sijaugusa.

Mdogo wako,
Jepchirchir