Soksi za Baba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Denis, mdogo wangu, kamleta mchumba wake Anyesi kutoka Kongwa, aje aonekane nyumbani. Kaonekana. Ugali na mlenda vikaisha, Mama akatoa karata.

Karata zetu Baba alizitoboa mwenyewe kwa sindano, vinundu pembeni, vile alivyofundishwa kusoma shuleni Buigiri. Haoni tangu utotoni. Mimi nilimjua mfalme wa kopa kwa kidole gumba kabla sijajua kuandika jina langu. Mpaka leo karata za dukani naziona bubu.

Tatizo—Baba akigawa, anasoma za kila mtu! Ndiyo maana kwetu kuna sheria: Baba akigawa, soksi mikononi. Mama akamvisha zile za kuchezea mpira za Denis. Anyesi akashtuka, kwani baba anaumwa?

"Anaumwa wizi," Mama akamjibu.

"Usiwasikilize, mkwe. Hawa nimewafunga tangu wananyonya."

Jumapili, 6 Julai

Baba kafungwa. Kafungwa tena. Alimkata Mama kwa turufu—na Mama ndiye mwenzake! Mama kanyamaza. Mama! Baba anadai kamwachia mgeni heshima. Mgeni alikuwa anatazama tu. Na Baba huyu hajawahi kumwachia mgeni hata paja la kuku.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Asubuhi Baba kakumbatia kikombe cha bati kwa viganja viwili, chai imetoka kuchemka, katulia anasikiliza redio. Nilikigusa, nikaruka. Ana kisukari miaka mingi. Mama akaniona nimeona.

Mchana akaziomba soksi mwenyewe. Kagawa, kamaliza—hakuzivua. Baridi, anasema. Na jua hili!

Kesho nampeleka hospitali, hata kwa kumbeba. Vidole vikimfia hana karata. Na sisi bila karata za Baba sijui tungekaa vipi meza moja. Labda tungelazimika kuongea.

Turufu kopa. Zamu yake ikafika. Mkono wa soksi ukapita juu ya karata, ukarudi, ukapita tena. Anyesi, tuliyemkalisha ubavuni kwake ajifunze, akainama.

"Baba, hiyo ya kushoto."

Wizi wa mchana kweupe! Denis akajifanya anapanga karata zake.

"Nani huyo?" Baba akang'aka. "Kuna mtu kaomba msaada hapa?"

Halafu, kwa sauti ya chini:

"Kushoto kwangu au kwako, mkwe?"

Akamtupa mfalme wa kopa. Zamu yangu. Nikasema nina kiu, nikakimbilia jikoni, ndiko ninakoandikia. Ree ya kopa nimekuja nayo mkononi—ndiyo pekee ya kumla.

Mama ananiita. Denis ananiita. Baba anapiga meza kwa soksi, haitoi sauti, anauliza yuko wapi huyo wa kumla mfalme wake!