Mzigo wa Nyemo na Kompyuta ya Sofia

Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu una shaka na kila kitu, hata na rafiki yangu.

Jumatatu Sofia, mwanafunzi mwenzetu asiyeona, ataanza kutumia kompyuta ya shule. Anahitaji programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mwalimu amenikabidhi mimi nenosiri la Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, ili niiweke programu. Kompyuta yenye spika ni moja tu. Nikiiharibu, Sofia ataendelea kukaa pembeni akitusikiliza tukibonyeza.

Leo intaneti ilikatika. Ndipo Nyemo wa darasa letu akaja na flashi kutoka kwa kaka yake aliyeko Igunga, programu ikiwa ndani. Nyemo ni Mgogo, mimi Mnyamwezi, basi ni watani. Juzi alinipa peremende. Kufungua karatasi, ndani kokoto. Nilicheka, maana mtani hanuniwi.

Lakini leo?

"Weka tu," alisema. "Babu zako walibeba mizigo hadi pwani bila kuifungua. Wewe nani uulize?"

"Na wa kwenu waliwatoza hongo, ushuru wa kupita njia. Ngoja niukague mzigo huu."

Niliandika amri ya apt, ile ya kuweka programu, nikaongeza alama inayoiambia ijaribu tu, isibadilishe chochote. Mistari ikateremka. Mwishoni ikasema: vifurushi vifuatavyo vitaondolewa, yaani programu zilizomo tayari. Vilikuwa vingi. Mfumo mzima wa sauti ulikuwemo; bila huo kompyuta ingekuwa bubu.

Nilimwuliza Nyemo kama na huo ni utani.

Hakucheka.

"Utani una mipaka, Kalunde. Sofia ni rafiki yangu pia." Akachomoa flashi, akatoka.

Nilibaki nikisoma tena ile mistari, polepole. Programu ilitengenezwa kwa toleo la Linux lililo jipya kuliko letu. Ilidai vitu tusivyo navyo, ndiyo maana ilitaka kung'oa vilivyopo. Huenda kaka yake hakujua. Huenda Nyemo naye hakujua.

Huenda.

Kesho baada ya misa Mwalimu atatuunganishia intaneti ya simu yake, nichukue programu kwenye ghala rasmi la mfumo wetu. Sofia ataisikia Jumatatu, naamini. Nitamwomba Nyemo akae kando yangu, asome kila mstari kabla sijabonyeza ndiyo.

Nitamwita kwa sababu namwamini, au ili nimwangalie usoni?